Adui wa sehemu ya 16

Mpwa wangu alinipigia simu usiku wa manane, analia kwa kwikwi, mpaka nikakaa kitako kitandani nikijiandaa kupokea habari ya msiba. "Mjomba, wameachana," akasema. Nikamuuliza nani. "Hee-do na Yi-jin." Alikuwa amemaliza sehemu ya 16, ambayo ndiyo ya mwisho, ya Twenty-Five Twenty-One, tamthilia ya mapenzi ya Korea Kusini iliyotoka mwaka 2022 na ambayo watu wanaendelea kuigundua Netflix kila uchao. Kabla hajakata simu alinipa na hukumu yake, ileile ninayoisikia kila watazamaji wapya wanapofika mwisho: mwandishi katuua, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na kama unampenda mtu mwambie aishie sehemu ya 14.

Hukumu hiyo naiheshimu. Mtu hamlilii mhusika wa kubuni kwa sababu hana akili. Analia kwa sababu waliotengeneza hadithi wameijua kazi yao. Ila nadhani hasira hii imebisha hodi nyumba siyo. Kilichowatenganisha vijana wale si ukatili wa mwandishi, wala si ule msemo mwepesi kwamba mapenzi ya ujana hayadumu, msemo ambao watetezi wa tamthilia hupenda kuutoa kama jibu la kila kitu. Kilichowatenganisha ni deni. Deni lenye tarehe, lenye kiasi, na lenye sura za watu waliokuja kulidai. Tamthilia ilituonyesha adui wake mapema kabisa, nasi tukamwangalia usoni tukadhani ni mapambo ya mandhari.

Kwa ambaye hajaitazama, niieleze kwa kifupi. Ilirushwa na kituo cha tvN kila Jumamosi na Jumapili kuanzia Februari 12 hadi Aprili 3, 2022. Iliandikwa na Kwon Do-eun na kuongozwa na Jung Ji-hyun. Kwa vipimo vya Nielsen Korea, kampuni inayopima watazamaji wa televisheni, ilianza na zaidi kidogo ya asilimia 6 na kumaliza na asilimia 11.5, kiwango kikubwa kwa kituo cha kulipia. Hadithi inaanza mwaka 1998 mjini Seoul. Na Hee-do, aliyeigizwa na Kim Tae-ri, ana miaka 18, ni mwanafunzi anayecheza vitara, mchezo wa kupigana kwa panga nyembamba. Baek Yi-jin, aliyeigizwa na Nam Joo-hyuk, ana miaka 22, mtoto wa tajiri ambaye kampuni ya baba yake imefilisika. Asubuhi moja Yi-jin, sasa msambaza magazeti, anarusha gazeti uani kwa kina Hee-do, linagonga sanamu ya mtoto anayekojoa na kuivunja, msichana anatoka na hasira zake, na hapo ndipo wanapojuana. Yote haya tunayapata kupitia shajara ya Hee-do, ambayo binti yake Min-chae anaisoma miaka zaidi ya ishirini baadaye, wakati wa barakoa za korona. Binti huyo anaitwa Kim Min-chae. Korea mtoto kwa kawaida huchukua jina la ukoo la baba. Baba angekuwa Baek Yi-jin, binti angeitwa Baek.

Kwa hiyo tuliambiwa mapema. Na hatukuambiwa mara moja tu. Muda mrefu kabla ya mwisho kuna mahojiano ya mwaka 2009: Yi-jin, sasa mtangazaji wa habari, anamhoji Hee-do, sasa bingwa, na anampongeza kwa ndoa yake kwa adabu ya mtu anayesoma taarifa. Kuna pia mahali ambapo Hee-do mtu mzima, akikumbushwa na binti yake safari ya baharini waliyokwenda marafiki watano wakiwa vijana, anasema haikumbuki. Safari ambayo sisi tuliitazama dakika kwa dakika tukitabasamu, mwenyewe kaisahau. Hata jina la tamthilia ni hesabu iliyokwisha kupigwa: 22 na 18 mwaka 1998, ni 25 na 21 mwaka 2001. Mwaka huo ndipo hadithi yao inapokatika.

Kama ishara zilikuwa nyingi hivyo, mbona watu walipigwa na butwaa? Hapa ndipo naona wengi wanapokosea, walalamikaji na watetezi vilevile. Watetezi wanasema watazamaji ni watoto, wamezoea kudekezwa na miisho ya harusi. Si kweli. Watazamaji wa tamthilia za Kikorea wamelishwa misiba tangu zamani. Mwaka 2000 kituo cha KBS kilirusha Autumn in My Heart, na msichana aliyeigizwa na Song Hye-kyo akafa kwa saratani ya damu. Mwaka 2004 What Happened in Bali iliishia kwa risasi, wahusika wakuu wote watatu wakafa. Hakuna aliyesema ameuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu katika hadithi zile mkono uliotenda unaonekana. Kuna ugonjwa, kuna wivu, kuna mama mkwe, kuna bastola. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, tukisikiliza mtafsiri akiwapa majina wahusika kabla filamu haijapamba moto, tunalijua jambo hili kwa maneno mawili: kuna stelingi na kuna adui. Stelingi anaweza kuumia, anaweza hata kufa siku moja moja, lakini lazima adui ajulikane. Sehemu ya 16 ya Twenty-Five Twenty-One haina adui anayeonekana. Hakuna mwanamke wa pili. Hakuna mzazi anayekataza. Hakuna anayeugua. Wawili wanaopendana wanasimama ndani ya lile handaki dogo walilozoea kupita, wanaambiana maneno ya kukata maini, kisha wanakuja kuagana kituo cha basi kwa kukumbatiana, na basi. Mtazamaji anatafuta mkosaji pande zote, hamwoni, anaishia kumkamata mtu pekee aliyebaki eneo la tukio, yaani mwandishi.

Adui yupo, ila hana uso mmoja. Novemba 21, 1997 serikali ya Korea Kusini ilitangaza kwamba inaomba msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Desemba 3 makubaliano yakasainiwa, na fedha zote zilizoahidiwa, pamoja na za Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Asia na nchi tajiri, zikafika takriban dola bilioni 58. Kabla ya hapo mwaka huohuo kampuni ya chuma ya Hanbo ilikuwa imeanguka, Kia ikafuata, na baadaye, mwaka 1999, Daewoo nayo ikasambaratika. Mwaka 1998 uchumi ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 5, na ukosefu wa ajira ukapanda hadi karibu asilimia 7 katika nchi ambayo mwaka mmoja nyuma haukufika asilimia 3. Wakorea hadi leo hawahangaiki na jina refu la mgogoro wa fedha wa Asia. Wanasema tu "enzi ya IMF", kama sisi tunavyosema "wakati wa vita vya Kagera" na kila mtu akajua kinachozungumzwa. Msomaji wa Tanzania aliyekuwa mtu mzima mwaka 1986, serikali ya Mzee Mwinyi ilipofunga makubaliano na shirika hilohilo, au aliyeona wazazi wake wakirudi nyumbani na barua ya kupunguzwa kazini katika miaka ya tisini, hahitaji kueleweshwa jinsi herufi tatu zinavyoweza kuketi mezani kwenu wakati wa chakula cha jioni.

Sasa rudi kwenye tamthilia ukiwa na habari hizo. Mwanzo kabisa timu ya vitara ya shule ya Hee-do inavunjwa kwa kukosa fedha. Anakwenda kumlilia kocha, naye anamjibu kwamba aliyemnyang'anya ndoto yake si yeye kocha, ni nyakati. Jibu hilo ni la dakika za mwanzo, na ndilo ufunguo wa nyumba nzima. Halafu angalia nyumbani kwa Yi-jin. Wazazi wake wametalikiana kwenye karatasi ili wadai wasimfuate mama. Yaani ndoa ya kwanza kuvunjika katika hadithi hii haivunjwi na ukosefu wa mapenzi. Inavunjwa na deni, mapema, mbele ya macho yetu, na hatukulia. Baba amejificha, mdogo mtu amepelekwa kwa ndugu, na mzaliwa wa kwanza, kijana aliyekuwa na gari jekundu la kifahari na ndoto ya kufanya kazi NASA, ameacha chuo, anasambaza magazeti na kuhudumia duka la kukodisha vitabu vya katuni.

Ndipo wanapokuja wale wazee. Ni wadai wa baba yake, watu wazima ambao maisha yao yamebomoka pamoja na kampuni. Si wahuni, hawabebi visu. Wamechoka, wana familia, wanataka haki yao, na wamemkuta mtoto badala ya baba. Yi-jin hana hata senti ya kuwapa. Anachowapa ni ahadi: kwamba hatakuwa na furaha. Kila siku ataishi akiwafikiria wao, na hatafurahi kamwe. Nimeitazama picha hiyo mara kadhaa na kila mara nashangaa jinsi inavyopita kimyakimya, bila muziki wa kutulazimisha kulia. Kijana wa miaka 22 ameweka rehani kitu pekee ambacho benki haikukichukua.

Hee-do anaujua mkataba huo, na jibu lake ni kuuhujumu. Anampeleka usiku kwenye uwanja wa shule, kwenye safu ya mabomba ya maji ambako wanafunzi hunawa, anageuza midomo ya bomba juu na kuyafungulia, maji yanaruka kama chemchemi, wote wawili wanaloana wakicheka. Kisha anamwambia kwamba wakiwa pamoja, wao wawili tu, wafurahi kwa siri, wale wazee wasijue. Watazamaji wengi wanaikumbuka picha hiyo kama mwanzo wa mapenzi, na kweli ndivyo ilivyo. Lakini sikiliza masharti yake. Furaha ya Yi-jin ni ya magendo. Anaruhusiwa kuwa nayo mahali pamoja tu, na mtu mmoja tu, kwa kujificha. Katika mpango wa namna hiyo, mtu huyo mmoja anakuwa chumba cha furaha, na huzuni haina mlango wa kuingilia humo. Siku huzuni itakapokuwa kubwa kuliko chumba, atakaa nayo nje, peke yake, akidhani anamlinda.

Na ndivyo inavyotokea sehemu ya 16. Yi-jin sasa ni mwandishi wa habari wa kituo cha UBS, kazi aliyoipata bila shahada. Tayari kazi hiyo imekwisha kumkata mara moja, pale yeye alipokuwa wa kwanza kutangaza kwamba rafiki yao Ko Yu-rim, mchezaji wa vitara kama Hee-do, anachukua uraia wa Urusi. Yu-rim naye hakuondoka kwa tamaa: baba yake alisababisha ajali barabarani, fidia ilihitajika, na upanga wake ndio uliokuwa na bei. Deni jingine, kijana mwingine analipa. Kisha Septemba 2001 minara ya New York inaanguka, Yi-jin anatumwa huko, anaona anayoyaona, na anaacha kuzungumza. Simu zinapungua. Anaomba kubaki New York kama mwandishi wa kituo bila kukaa kwanza na mpenzi wake wakashauriana. Hee-do anamwambia jambo ambalo, kwangu, ndilo moyo wa sehemu nzima: yeye alitaka kugawana kila kitu, shida na huzuni zikiwemo, naye Yi-jin anamfungia nje kila mambo yanapokuwa magumu. Walalamikaji wanasema mabadiliko haya yalikuwa ya ghafla, ya sehemu moja. Yalianza kwenye yale mabomba ya maji.

Hee-do pia ana sababu zake, na nashangaa zinavyosahaulika. Mama yake ni mtangazaji maarufu wa habari, na siku ya kumzika baba alikuwa kazini. Hee-do alikua akimwona mama kwenye skrini zaidi ya mezani. Kumwambia msichana huyo amngoje mwanamume anayeonekana kwenye taarifa ya habari ni kumrudisha kwenye kidonda ambacho amekitumia ujana wake wote kukifunga. Aliposema basi, hakusema kwa wepesi wa mtoto wa miaka 21. Ndiye pekee aliyeijua bei.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiona nzito, na wala si ile inayopigiwa kelele zaidi. Ni ya Yu-rim na mpenzi wake Moon Ji-woong, mmoja wa wale marafiki watano. Hawa nao walitenganishwa na mipaka ya nchi, tena kwa miaka, na bado sehemu hiyohiyo ya 16 inatuonyesha Ji-woong akimwomba Yu-rim waoane. Kama mapenzi ya mbali yaliwezekana kwao, wanasema walalamikaji, kwa nini yasiwezekane kwa stelingi wetu? Basi mwandishi aliamua tu kuwatesa. Nimeitafakari hoja hiyo na naona inageuka kuwa ushahidi dhidi yao. Umbali ni uleule, lakini Ji-woong hana wadai. Ni kijana asiyeficha kitu: anapenda hadharani, analia hadharani. Naye Yu-rim, alipoingia kwenye shida, aliisema, akalia na wenzake, akaondoka huku wote wanajua kwa nini. Jozi hizi mbili zimewekwa pamoja ili tuone kwamba kilomita hazikuwa tatizo.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: kwamba kwa kuwa hawakuoana, saa zote za mtazamaji zimepotea. Huku ni kuyapima mapenzi kama mkopo, kwamba kama hayakurejesha riba ya ndoa basi yalikuwa hasara. Hee-do aliyeingia kwenye hadithi ni msichana ambaye shule imevunja timu yake. Anayetoka ni bingwa, na kati ya hayo mawili kuna mtu aliyemwachia ujumbe kwenye peja, aliyemwamini kabla matokeo hayajaja. Yi-jin aliyeingia alikuwa ameapa kutofurahi. Aliyetoka amewahi kufurahi, kwa majira kadhaa ya kiangazi, na hakuna mdai anayeweza kuja kuyachukua. Anayemshauri mwenzake aishie sehemu ya 14 anamwomba aondoke na maji ya bomba na kuuacha mkataba. Nani sasa anayeuza mbuzi kwenye gunia?

Lakini watengenezaji wa tamthilia nao hawana mikono safi kabisa, na sitawatetea pale walipokosea. Waliujua mwisho tangu mwanzo, wakaweka jina Kim kwa makusudi, kisha wiki baada ya wiki wakauchezea utata huo. Mume wa Hee-do hatumwoni. Hana uso, hana hata kivuli. Watazamaji waliolelewa na tvN hiyohiyo kukisia mume, kama walivyofanya na tamthilia ya Reply 1988 mwaka 2015 na 2016 walipobishana hadi dakika za mwisho kama Deok-sun ataolewa na Taek au Jung-hwan, walikuwa na haki ya kudhani wameitwa kwenye mchezo uleule. Walianza kutunga nadharia: labda Yi-jin alibadili jina, labda binti ni wa kulea. Kumficha mume kuliwapa wiki nyingi za matumaini ambayo mtunzi alijua ni hewa. Pengine ingekuwa heshima zaidi kutuonyesha mwanamume wa kawaida, mpole, akimwagia maua maji, na kumwacha mtazamaji aumie kwa kuona kwamba hata yeye anastahili kupendwa. Walichagua kutomwonyesha, na kwa hilo hasira ina anwani sahihi.

Nisichokubali ni kwamba kosa hilo la ufundi liwe sababu ya kutoiona hadithi yenyewe. Na hapa nirudi kwenye historia, kwa sababu kuna tarehe moja ambayo tamthilia haiipigii tarumbeta na ambayo kwangu inabadilisha kila kitu. Agosti 23, 2001 Korea Kusini ilimaliza kulipa deni la IMF, karibu miaka mitatu kabla ya muda wake. Serikali ikatangaza, nchi ikajivunia, na ilistahili. Siku kumi na tisa baadaye ilikuwa Septemba 11, siku iliyompeleka Yi-jin New York. Taifa limetoka kwenye deni, na wiki chache tu baada ya hapo kijana aliyeapa mbele ya wadai anaanza kumpoteza mtu aliyemfundisha kufurahi. Mizania ya serikali imefungwa kwa wino mweusi. Ya Yi-jin haijafungwa, na haina wizara ya kuifunga.

Wakati nchi inalipa, wananchi walichanga. Kuanzia Januari 1998 Wakorea wapatao milioni 3.5 walipanga foleni kutoa dhahabu zao ziyeyushwe, ziuzwe nje, deni lipungue. Zilipatikana takriban tani 227. Watu walileta mikufu, medali, vijipete ambavyo mtoto hupewa akitimiza mwaka mmoja, na pete zao za ndoa. Hebu piga picha ya meza ile: karani ana mizani, mwanamke anaizungusha pete kidoleni kwa sababu imekaza, inatoka, inawekwa sahanini, namba inaandikwa. Mwandishi anayeamua kuweka mapenzi ya vijana wawili katika mwaka huohuo, katika mji huohuo, halafu asiwavishe pete mwishoni, amechagua mahali pa kusimama. Kumwambia angeweza tu kuwaoza ili sisi tulale vizuri ni kumwambia arudishe pete moja mezani na kujifanya nyingine hazikuyeyushwa.

Kama hilo ni kweli, basi tunapaswa kubadili namna tunavyozungumza juu ya tamthilia hizi. Tumezoea kuzigawa mafungu mawili: za mapenzi, ambazo ni za mabinti na kina mama, na za "mambo mazito", ambazo tunaziruhusu kuzungumzia uchumi na siasa. Wengi wetu tuliletewa Korea kwanza na Jumong, mapanga na farasi, na hapo wanaume tulikaa tukatazama bila aibu. Lakini mtu akitaka kuelewa enzi ya IMF ilivyoingia kwenye mwili wa kijana mmoja, ilivyomfundisha kunyamaza, ilivyomfanya aone kufurahi kama wizi, sioni kwamba ripoti ya benki itamsaidia kuliko dakika ishirini za mwisho za sehemu ya 16. Mapenzi ndiyo chombo cha kupimia. Huwezi kuona upotevu mpaka kwanza uoneshwe kitu chenye thamani, na ndiyo maana tulipewa sehemu kumi na nne za furaha kabla ya bili kuletwa.

Na machozi ya mpwa wangu, kwa mtazamo huu, hayakukosea hata kidogo. Alikuwa analilia dhuluma. Mtoto wa watu amelipa deni ambalo hakulikopa, na rafiki yake amelipa, na hakuna aliyewarudishia chenji. Kukasirika ndiyo hali sahihi ya kuwa nayo mbele ya jambo hilo. Kasoro ni moja tu, kwamba hasira imeishia kwa mwanamke aliyeandika, wakati wale walioandika madeni yenyewe hawajatajwa hata kwa jina.

Kuna picha ya mwisho ambayo watu wengi huiona wakiwa wameshalowa machozi, ikawapita. Yi-jin, mtu mzima, amesahau nywila ya akaunti yake ya zamani. Kompyuta inamwuliza swali la usalama alilolichagua mwenyewe akiwa kijana: mpenzi wako wa kwanza ni nani? Anaandika Na Hee-do. Akaunti inafunguka.

Wiki iliyofuata nilimwambia mpwa wangu arudie sehemu za mwanzo, asitazame mapenzi, awatazame wageni wanaobisha hodi kwa Yi-jin. Hakunijibu siku mbili. Siku ya tatu akanitumia ujumbe wa sauti, nikausikiliza nikiwa kwenye daladala, simu nimeibana sikioni. "Mjomba, nimewaona wale wazee," alisema, taratibu. "Mmoja anavuta pumzi kwanza kabla hajaongea. Kama mtu aliyepanda ngazi nyingi." Akanyamaza kidogo. "Na Yi-jin anawaita kwa heshima muda wote."